Somo: Kurekodi wimbo nyumbani kwa pesa kidogo



Januari 2018 maelfu ya watu walivuka Ziwa Tanganyika kwa mashua kutoka Fizi hadi Rumonge, na gitaa si kitu cha kwanza kupakiwa katika safari ya namna hiyo. Hata hivyo kwaya na vikundi vya vijana huanza upya kila mahali, na swali lao huwa moja: tununue mashine gani ili turekodi nyimbo zetu? Kabla ya kuuza mafuta na maharage ya nyumbani, someni haya.

Simu ikiwekwa mezani wakati kikundi kinaimba, sauti zote huingia pamoja. Gitaa likimfunika mwimbaji, huwezi kulipunguza peke yake. Katika kurekodi kwa njia nyingi, kila sauti huwekwa kwenye njia yake (wanamuziki husema traki). Leo mnarekodi gitaa. Kesho mwimbaji anasikiliza gitaa hilo masikioni huku akiimba. Keshokutwa ngoma. Mwisho mnazipima zote: hii ipande, ile ishuke.

Faida yake kwa mkaazi wa kambi ni kubwa kuliko kwa mtu wa mjini. Mpiga gitaa yupo leo. Mwezi ujao jina lake liko katika orodha ya wanaorudi kwao au wanaokwenda nchi ya tatu. Sauti yake ikiwa katika njia yake, wenzake wanaweza kuendelea na wimbo bila yeye. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada alitoa wimbo alioimba juu ya ngoma za Burundi, ambazo zilikuwa zimerekodiwa miaka ya 1960. Hakukaa chumba kimoja na wapigaji hao.

Njia ngapi zinatosha? Kwa anayeanza, nne. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ilitoa Portastudio, mashine ya kwanza ya kurekodi njia nne kwenye kanda ya kaseti ya kawaida. Kwa mashine hiyo Bruce Springsteen wa Marekani alirekodi chumbani kwake nyimbo za albamu yake Nebraska ya mwaka 1982. Alizikusudia ziwe mfano tu wa kuwaonyesha wenzake wa bendi. Mwishowe kanda hiyo ndiyo iliyotolewa. Lakini ukiuziwa leo mashine ya kaseti ya zamani, hata kwa bei ya chini, iache. Mikanda yake ya ndani imechoka, na kanda uliyorekodi humo haisikiki sawasawa katika redio ya kawaida: njia mbili huenda kinyumenyume.

Anza na simu uliyo nayo. Programu ya BandLab ni ya bure na hurekodi njia nyingi, ila huhifadhi kazi kwenye intaneti, kwa hiyo fikiria gharama ya bando. Mwenye kompyuta atumie Audacity, ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti.

Pesa ya kwanza inunue hedifoni za waya zinazofunika masikio vizuri. Zisizo na waya huchelewesha sauti, na mwimbaji atakuwa nyuma ya gitaa daima. Zilizo wazi huvujisha gitaa na kuliingiza katika njia ya mwimbaji. Pesa ya pili inunue maikrofoni ya jukwaani, isiyohitaji umeme wake yenyewe, pamoja na kisanduku cha kuiunganisha na kompyuta chenye matundu mawili, moja la sauti na moja la gitaa. Jihadhari: Shure SM58 za bandia ni nyingi sokoni, hivyo bei ya ajabu ikutie shaka. Ambako umeme ni wa shida, mashine ndogo kama Zoom H4n hurekodi njia nne kwa betri mbili za kawaida. Ni ghali kwa mtu mmoja, si kwa kwaya ya watu ishirini. Ikiwa imetumika, jaribu kila njia papo hapo kabla ya kutoa pesa. Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni kilomita zipatazo 70, na muuzaji hatakungoja.

Hakuna mashine inayoshinda mvua juu ya mabati. Rekodini mchana watoto wakiwa shuleni, tundikeni blanketi ukutani, na mwimbaji aupe mgongo upepo wa ziwa. Mwanzoni mwa njia ya kwanza pigeni makofi manne. Wanaofuata watajua pa kuingilia.

Kikundi kikichanga, andikeni karatasi mapema: mashine itakaa kwa nani, na anayeondoka atarudishiwa nini. Ugomvi wa jambo hili umevunja vikundi vingi kuliko ubovu wa vifaa. Na kila mmoja apewe nakala ya njia zote, si ya wimbo uliokwisha changanywa tu, kwa sababu huo ni vigumu kuutenganisha tena vizuri. Njia moja hula karibu megabaiti 5 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 4 wenye njia nne ni kama megabaiti 85. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 16 hubeba nyimbo zaidi ya 150 za namna hiyo, na huingia katika mfuko wa shati.