Saburi ya Mwenye Kuachwa Nyuma

Wanafunzi wenzangu, na ninyi mliotutangulia katika madarasa haya, tukizungumza habari za ushujaa katika michezo, kwa desturi twamtaja aliyeshinda. Lakini anayeongoza anayo mengi ya kumtia nguvu: watu wampigia makofi, na kila akitazama nyuma aona matunda ya kazi yake. Mimi nataka tujifunze habari za yule aliyeachwa nyuma, ambaye hana tena tumaini la kushinda, na bado miguu yake yaenda. Huyo nguvu zake azipata wapi?

Na tutwae mfano wa nchini kwetu. Adrien Niyonshuti alizaliwa Rwamagana mwaka 1987. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, yeye akiwa mtoto wa miaka saba, ndugu zake sita waliuawa. Alipokua akawa mwendeshaji wa baiskeli, akafundishwa na Jonathan Boyer, ambaye mwaka 1981 alikuwa Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Tarehe 12 Agosti 2012, siku ya mwisho ya Michezo ya Olimpiki ya London, Niyonshuti alisimama kwenye mstari pale Hadleigh Farm, kushindana katika baiskeli za milimani.

Hapa hapana budi tuelewe sheria moja ya mchezo huo. Waendeshaji huzunguka njia ile ile mara kadhaa, na njia yenyewe ni nyembamba. Ili wa mbele asije akazuiwa na wa nyuma, hutazamwa muda ambao kiongozi ameutumia katika mzunguko wa kwanza. Ukiachwa naye kwa asilimia 80 ya muda huo, waondolewa. Tuseme mzunguko huo ni wa dakika 12. Asilimia 80 yake ni dakika 9 na sekunde 36. Ukichelewa kupita hapo, hata kama nguvu unazo za kutwa nzima, waambiwa ushuke.

Basi aliye nyuma anayo mashindano yake mwenyewe. Hashindani na kiongozi, ambaye hata hamwoni. Ashindana na saa. Kama mizunguko ni sita, aweza kupoteza dakika 1 na sekunde 36 katika kila mmoja, asizidishe. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ndogo ndiyo saburi yenyewe. Hakuna mtu awezaye kuwa jasiri kwa saa moja na nusu mfululizo. Lakini kuvumilia mpaka kona ile, mpaka jiwe lile, yawezekana. Kisha kona nyingine. Niyonshuti alimaliza akiwa wa 39.

Aliyeshinda siku hiyo ni Jaroslav Kulhavý wa Ucheki, aliyemtangulia Nino Schurter wa Uswisi kwa sekunde moja. Wa tatu, Marco Fontana wa Italia, alivunjikiwa kiti katika mzunguko wa mwisho, akamaliza akiwa amesimama juu ya pedali. (Jaribuni jambo hilo kutoka Nyabugogo mpaka mjini, kisha mniambie.)

Huenda mtu akauliza: je, kila aachaye ni mwoga? Sivyo. Tarehe 28 Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika hapa Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wanaume walikwenda kilomita 267 na zaidi. Waliupanda Mlima Kigali, wakaupanda ukuta wa Kwa Mutwe, na ule mwinuko wa mawe wa Kimihurura tena na tena. Ukijumlisha miinuko yote wapata zaidi ya mita 5,400, ambayo ni kupita kimo cha Karisimbi. Walioanza walizidi 160. Waliomaliza ni 30 tu, wa kwanza akiwa Tadej Pogačar wa Slovenia. Tuwaite wale wengine waoga? Katika mchezo huo wako ambao kazi yao ni kumsaidia mkubwa wao mpaka mahali fulani. Wakiisha kuitimiza, hushuka bila aibu. Na mwenye homa au mfupa uliovunjika akishikilia kuendelea, huo ni ukaidi.

Ninaowasema mimi ni wale waachao kwa sababu wamepitwa. Katika mbio zetu za nyika tunao wengi. Kamba za viatu vyao hufunguka mlimani tu. Bondeni hata siku moja. Lakini na sisi tusiwalaumu upesi, kwa maana ubaoni huandikwa majina kumi ya kwanza, na wa kumi na moja hana la kutafuta. Ningeomba wakati wa kila mtu uandikwe, mpaka wa mwisho, ili wa 39 apate kuona kama muhula uliopita alichelewa dakika mbili zaidi. Saa ya kupimia ipo. Hurudishwa mfukoni mara tu mtu wa kumi anapopita.