AFYA YAKO: Kahawa na Vidonge vya Damu

Mimi ni mganga msaidizi hapa Kibirizi. Alfajiri mitumbwi ya dagaa inaporudi mwaloni, muuza kahawa huwa keshafika na dele lake la moto. Mimi nami hunywa, kwa hiyo usidhani naichukia kahawa.

Mmea huu ni wa Afrika. Arabika asili yake ni misitu ya Ethiopia. Ikavuka bahari hadi Yemeni, na jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Lakini Wahaya wa Kagera hawakungoja kufundishwa. Tangu kale walichemsha matunda ya robusta, wakayakausha, wakamkaribisha mgeni kwa kutafuna. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjana, wakalishana punje za tunda moja zilizopakwa damu. Hapa kwetu Kigoma arabika hulimwa milimani, kama vile Kalinzi.

Kinachotuamsha katika kahawa ni kafeini. Haituongezei nguvu, huzuia tu ubongo usisikie uchovu. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu yake ingali mwilini. Mvuvi anywaye asubuhi ili auze dagaa, kisha akashangaa hapati usingizi mchana, asitafute mchawi.

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike. Alikuja mama mmoja muuza dagaa, mwenye mimba ya tano. Nilipofunua kope zake, ndani palikuwa peupe. Nilimpima malaria, hakuwa nayo.

"Mama, vidonge vya kuongeza damu unavinywa?"

"Kila siku, mwanangu."

"Unavinywa kwa nini?"

"Kwa kahawa. Kwa maji vinanichefua."

Niliona haya. Vidonge vile nilimpa mimi mwenyewe, nikamwambia idadi yake tu. Kahawa, na hata chai ya rangi, hushika madini ya chuma tumboni, na mengi yake hupita bila kuingia katika damu. Chuma cha mboga na maharage hupotea vivyo hivyo ukinywa kahawa pamoja na chakula. Upungufu wa damu una sababu nyingi, malaria na minyoo zikiwamo, lakini hii ni rahisi kuiondoa.

Meza vidonge kwa maji, au kwa maji ya chungwa, ambayo husaidia chuma kuingia. Vikikuchefua, vimeze jioni unapokwenda kulala. Kahawa ingoje saa moja au mbili baada ya chakula. Mjamzito asizidishe vikombe. Shirika la Afya Duniani linashauri wanaozidisha miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze. Mtoto mdogo apewe uji, si kahawa, maana kahawa humnyamazisha njaa bila kumlisha.

Mama yule alirudi baada ya wiki sita, kope zimeanza kuwa nyekundu. Kahawa hakuiacha. Siku hizi huinywa saa nne, akiisha kuanika dagaa wake.