SOMO LA MIFUGO: SUNGURA AKITOA SAUTI, ANASEMA NINI?



Sungura ni mnyama wa kimya. Kuku akitaga, kijiji kizima hujua. Mbuzi akikosa majani hulia. Lakini sungura anaweza kuugua Jumatatu akafa Jumatano bila mtu kusikia lolote. Ndiyo maana wengi husema, "Hawa sungura hufa tu ovyo." Sivyo. Husema, ila sauti yao ni ndogo, tena nyingine haitoki mdomoni.

Sisi tulijifunza kwa hasara. Jike wetu mmoja alijikunja kwenye kona ya kizimba akisaga meno, kr-kr-kr. Tukafikiri anatafuna. Kumbe majani ya jana yalikuwa pale pale, na chini ya wavu hapakuwa na kinyesi kipya! Asubuhi tulimkuta amekufa, na alikuwa na mimba.

Basi tuanze na meno. Ukimkuna sungura kichwani, husugua meno polepole, na utaihisi sauti hiyo kwa vidole kuliko kuisikia. Huyo amefurahi. Lakini akisaga kwa nguvu huku amejikunja, macho nusu yamefungwa, hataki kula, huyo ana maumivu, na mara nyingi ni ya tumbo. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo chakula kikikwama hakina njia ya kurudi. Akipitisha nusu siku bila kula wala kunya, usingoje kesho. Mwite daktari wa mifugo.

Je, usiku umesikia pu! pu! kama mtu anagonga mbao? Ni sungura anapiga miguu ya nyuma kuwaonya wenzake. Usigeuke upande wa pili ukalala. Chukua tochi, huenda ni nyoka, paka au siafu. Siafu ndio wabaya zaidi, maana mnyama aliyefungiwa hana pa kukimbilia. Miguu ya kizimba isimame ndani ya makopo yenye oili chafu, na nyasi za kando zisiguse banda, la sivyo hizo ndizo daraja. Ukisikia ukelele mkali kama wa mtoto, ujue ameshikwa tayari au ana uchungu mkubwa. Kimbia.

Akipiga chafya nyingi na pumzi yake inakoroma, tazama miguu ya mbele kwa ndani. Manyoya yakiwa yameloa na kugandana, amekuwa akijipangusa kamasi. Ugonjwa huu huambukiza. Mtenge siku hiyo hiyo, mlishe baada ya wazima, kisha unawe mikono. Banda linalonuka mkojo huukaribisha. Na kwa kuwa sungura hupumua kwa pua, ukimwona amefungua mdomo, hali ni mbaya: ama mapafu yameshikwa, ama joto limemzidi. Kama ni joto, mpeleke kivulini na umlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, si ya baridi sana.

Kuna mambo mengine ya ajabu ambayo si ugonjwa. Jike akijing'oa manyoya ya tumboni, anatandika kiota, maana mimba yake ni siku 31 hivi. (Mama mmoja alimpaka dawa ya upele, jameni!) Akishazaa, hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, mara nyingi usiku. Msiseme amewatupa watoto. Wapapaseni: wakiwa na joto na matumbo ya mviringo, wameshiba. Na akila kinyesi chake laini, mwacheni. Hicho ni chakula kinachopita mara ya pili, na humpa vitamini.

Kazi ya nyumbani: kabla ya mkutano ujao, kila mwenye sungura akae karibu na kizimba robo saa jioni, redio ikiwa imezimwa. Aandike amesikia nini, ameona nini, na kinyesi kikoje. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake amwandikie. Tutalinganisha.