Mazoezi ya Nguvu: Siku Tatu za Mwili Mzima Zatosha

Anayeanza kunyanyua vyuma huona matokeo upesi. Ndani ya wiki chache chuma kilichomlemea huwa chepesi, na ngazi za nyumbani hupandwa bila kuhema. Lakini baada ya miezi sita hadi mwaka mambo hubadilika. Uzito unabaki pale pale mwezi baada ya mwezi, mabega yanauma na hamu inapungua. Hapo ndipo wengi huacha mazoezi. Wengine huongeza siku za jimu hadi wakaumia, na wengine hushawishika kununua tembe na sindano za kujaza misuli.

Somo hili linawahusu wakazi waliofika hatua hiyo. Ujumbe wake ni huu: anayekwama mara nyingi hahitaji siku zaidi wala mashine zaidi. Anahitaji kuufanyisha kazi mwili mzima mara tatu kwa wiki, kuongeza mzigo kidogo kidogo kwa kumbukumbu, na kupumzika inavyopasa.

Nani yuko kiwango cha kati?

Ni mtu aliyefanya mazoezi kwa miezi sita au zaidi bila kukatiza sana. Anajua kuchuchumaa, kusukuma na kuvuta chuma kwa mkao sahihi bila kusimamiwa, ila hawezi tena kuongeza uzito kila anapoingia jimu.

Kupungua kwa kasi si dalili ya uvivu. Nguvu za wiki za mwanzo hutokana zaidi na mishipa ya fahamu, ambayo inajifunza kuiamuru misuli ifanye kazi pamoja. Somo hilo likishaeleweka, kinachobaki ni misuli yenyewe kukua, na hiyo ni kazi ya polepole. Kwa hiyo mpango uliomfaa mtu mwezi wa kwanza hautamfaa mwezi wa kumi.

Faida ya kuendelea ni kubwa kuliko sura ya kwenye kioo. Kuanzia miaka ya thelathini misuli huanza kupungua polepole, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari iliyo kwenye damu, na ndiyo humzuia mzee asianguke. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima waimarishe misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kama vile kutembea kwa kasi.

Kwa nini mwili mzima kwa siku moja?

Katika jimu nyingi watu hugawa wiki: leo kifua, kesho mgongo, keshokutwa miguu. Mpango huo unaweza kumfaa mwenye nafasi ya siku tano au sita. Kwa hamali wa soko la Kongowea, mhudumu wa boda boda au muuguzi wa zamu, una kasoro moja kubwa. Zamu ikibadilika na siku ya miguu ikapita, miguu imekosa mazoezi wiki nzima.

Tuseme mtu amepanga seti 9 za kifua kwa wiki. (Seti ni marudio yanayofuatana bila kupumzika.) Akizifanya zote Jumatatu, seti za mwisho atazifanya amechoka, na akikosa siku hiyo amepoteza zote. Akizigawa tatu tatu kwa siku tatu, kila seti inapata nguvu mpya, na akikosa siku moja bado ana seti 6. Tena misuli huamshwa mara tatu kwa wiki badala ya mara moja.

Ratiba ya wiki

Kati ya siku moja ya mazoezi na nyingine iwepo siku ya kupumzika. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni mfano mzuri, lakini siku zozote zinafaa mradi zisifuatane.

Siku ya kwanza
1. Kuchuchumaa na chuma mabegani: seti 3, marudio 6 hadi 8.
2. Kusukuma chuma ukiwa umelala chali kwenye benchi: seti 3, marudio 6 hadi 8.
3. Kuinama na kuvuta chuma kuelekea tumboni: seti 3, marudio 8 hadi 10.
4. Kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka kama ubao: mara 3, sekunde 30 hadi 45.

Siku ya pili
1. Kuinua chuma kutoka sakafuni hadi kusimama wima: seti 3, marudio 5.
2. Kusukuma chuma juu ya kichwa: seti 3, marudio 6 hadi 8.
3. Kujivuta kwenye mwamba, au kuvuta waya wa mashine kuja kifuani: seti 3, marudio 8 hadi 10.
4. Kubeba dambeli nzito mikono yote miwili na kutembea: mara 3, hatua 40.

Siku ya tatu (nyepesi zaidi)
1. Kupiga hatua ndefu na kushusha goti, dambeli mkononi: seti 3, marudio 10 kila mguu.
2. Pushapu, au kusukuma dambeli kwenye benchi iliyoinama: seti 3, marudio 10 hadi 12.
3. Kuvuta dambeli kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiegemea benchi: seti 3, marudio 10 hadi 12.
4. Kulala chali na kuinua nyonga: seti 3, marudio 12.

Kwa jumla miguu, misuli ya kusukuma na misuli ya kuvuta zinapata angalau seti 9 kila moja kwa wiki. Kwenye mazoezi mazito mapumziko kati ya seti yawe dakika 2 hadi 3, na kwenye mepesi dakika moja hadi moja na nusu. Wanaokatiza mapumziko ili watoke jasho zaidi hujinyima nguvu za seti inayofuata. Pamoja na kupasha mwili moto, kila siku huchukua kati ya dakika 45 na saa moja.

Kupasha mwili moto si kukimbia tu. Baada ya dakika tano za kutembea haraka au kuruka kamba, zoezi la kwanza lifanywe kwa chuma kitupu, kisha kwa nusu ya uzito, kisha kwa robo tatu, ndipo seti za kazi zianze.

Mkao kabla ya uzito

Makosa matatu hurudiwa katika karibu kila jimu.

La kwanza ni kupinda mgongo wakati wa kuinua chuma kutoka sakafuni. Chuma kiwe karibu na miguu, kifua kiwe wazi, na mgongo ubaki umenyooka tangu chuma kikiwa chini hadi mtu asimame. Mgongo ukianza kupinda, seti imekwisha hata kama marudio hayajatimia. Mtu anayebeba mizigo kwa riziki akiumiza mgongo jimu, amepoteza mazoezi na kibarua pia.

La pili ni magoti kuingia ndani wakati wa kuchuchumaa. Magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu, na nyayo zote zibaki sakafuni.

La tatu ni kubana pumzi muda mrefu, jambo linalopandisha shinikizo la damu ghafla. Pumzi ivutwe kabla ya kushuka na itolewe wakati wa kusukuma.

Mzigo uongezwe vipi?

Kanuni ya kuongeza mzigo hatua kwa hatua ina historia. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliitumia kuwarejeshea nguvu wanajeshi waliojeruhiwa, na mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Wakati huo wagonjwa wa aina hiyo walizoea kupewa mazoezi mepesi ya kurudiarudia. Yeye aliwapa mizigo mizito kwa marudio machache, akiiongeza kadiri misuli ilivyopata nguvu.

Kwa mtu wa kiwango cha kati kanuni hiyo hufanya kazi hivi. Tuchukue anayesukuma kilo 40 kwenye benchi:

- Wiki ya 1: marudio 6, 6, 6
- Wiki ya 2: marudio 7, 7, 6
- Wiki ya 3: marudio 8, 7, 7
- Wiki ya 4: marudio 8, 8, 8
- Wiki ya 5: kilo 42.5, na kurudi kwenye marudio 6, 6, 6

Kilo mbili na nusu kwa mwezi huonekana ndogo, lakini mtu aliyekwama kwa miezi minane hakupata hata hiyo. Kila seti imalizwe mtu akihisi angeweza kurudia mara mbili zaidi. Kujikamua hadi chuma kimwangukie si ushujaa.

Haya yote yanahitaji daftari. Tarehe, zoezi, uzito na marudio viandikwe palepale jimu. Bila daftari mtu hukisia, na mara nyingi hurudia uzito wa mwezi uliopita akidhani amepiga hatua.

Kila baada ya wiki sita hadi nane iwepo wiki moja nyepesi: mazoezi yale yale, seti zikipunguzwa kwa nusu. Viungo na kano hupona polepole kuliko misuli, na wiki hiyo huvipa nafasi.

Chakula, maji na usingizi

Misuli hukua wakati wa kupumzika. Usingizi wa saa 7 au zaidi ni sehemu ya mazoezi.

Anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji protini ya gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 70 atahitaji gramu 84 hadi 112. Kiasi hicho hupatikana sokoni bila kununua mkebe wa unga wa bei ghali. Mayai mawili yana gramu 12 hivi, vikombe viwili vya maziwa gramu 16, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa gramu 15, na kipande cha samaki cha gramu 150 takriban 30. Jumla ni 73, na kinachobaki hutoka kwenye chapati, ugali, ndengu au mbaazi. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari.

Joto la Pwani kati ya Januari na Machi halina mzaha. Mazoezi yafanywe alfajiri au jioni, na maji yanywewe kabla ya kiu. Katika mwezi wa Ramadhani, wanaofunga wanaweza kupunguza seti na kufanya mazoezi usiku baada ya kufuturu. Lengo la mwezi huo ni kuhifadhi nguvu zilizopo, si kuvunja rekodi.

Tahadhari kuhusu dawa za kujaza misuli

Mtu aliyekwama ndiye mteja anayetafutwa na wauzaji wa dawa hizi. Homoni za kujenga misuli zinapotumiwa bila daktari huweza kudhuru moyo na ini, na humfanya mwanamume apunguze au akose mbegu za uzazi na kuota matiti. Kwa mwanamke huweza kuifanya sauti iwe nzito, na isirudi tena. Kuchangia sindano huambukiza Virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Aliyekwisha kuzitumia aende hospitalini na aeleze ukweli, kwani daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Wanawake wasiogope kwamba vyuma vitawafanya wawe na mwili wa kiume. Homoni inayojaza misuli ni kidogo sana katika mwili wa mwanamke, ilhali faida kwa mifupa na nguvu ni kubwa.

Nani amwone mhudumu wa afya kwanza?

- Mwenye shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa, au ugonjwa wa moyo.
- Mwenye kisukari anayetumia insulini au tembe, kwa kuwa mazoezi huweza kushusha sukari ghafla. Awe na kitu kitamu karibu.
- Mja mzito, au aliyejifungua karibuni.
- Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa mgongo, goti au bega.

Maumivu ya misuli ya siku moja au mbili ni ya kawaida. Maumivu makali ya kiungo, ganzi inayoshuka mguuni, kizunguzungu au kifua kubana si ya kawaida. Mazoezi yasimamishwe mara moja. Kifua kikibana au mtu akizimia, apelekwe hospitalini bila kuchelewa.

Asiyeweza kulipia jimu

Mtungi wa lita 20 uliojaa maji una uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo. Mtungi wenye lita 10 ni kilo 10 hivi, na kila lita inayoongezwa ni kilo moja. Mitungi miwili hutosha kwa kuchuchumaa, kuvuta, kusukuma na kutembea na mzigo, mradi vishikio vyake ni imara na vifuniko vimekazwa. Ratiba ni ile ile, na daftari ni lile lile. Badala ya kuandika kilo, huandikwa lita.

Aliyekwama ajaribu mpango huu kwa wiki 12 bila kuubadilisha, kisha alinganishe ukurasa wa kwanza wa daftari na wa mwisho. Hapo ataona mwenyewe kama nguvu zimeongezeka.