Matokeo ya Mtihani na Tumaini la Mwanafunzi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa taifa wa darasa la tisa yanapotangazwa, hapa Kigobe zipo nyumba zinazoshangilia na zipo zinazonyamaza. Tunawaandikia wale wanaonyamaza.

Shirika la Afya Duniani huhesabu zaidi ya watu 700,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka, wakiwamo vijana wengi. Ni nadra kufeli peke yake kumfikisha mtoto huko. Nyuma yake huwapo matusi, ada isiyolipwa, ugomvi wa nyumbani au ugonjwa wa sonona.

Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Marekani, C. R. Snyder, alieleza kwamba tumaini lina pande mbili: nia ya kufika na njia ya kupitia. Mzazi anayesema tu “jipe moyo” amegusa upande mmoja. Na aketi na mwanawe, wapime pamoja kama atarudia darasa au ataingia kituo cha ufundi. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mtoto huhitaji kuonyeshwa koleo jingine liko wapi.

Anayejitenga, asiyelala, anayegawa vitu avipendavyo au kuaga kwa mafumbo, aulizwe waziwazi: “Mwanangu, umefikiria kujiua?” Wazazi wengi huhofu kwamba swali hilo litampandia wazo. Wataalamu wanatuhakikishia kuwa halimpandii, bali humpunguzia mzigo. Akikubali, asiachwe peke yake. Dawa za hospitali na za kilimo ziondolewe karibu naye, kisha apelekwe kwa mganga. Jirani yetu Kamenge ipo hospitali ya magonjwa ya akili, ingawa mitaani bado wapo wanaowacheka waendao huko, jambo linalotusikitisha sana.

Mwanafunzi aliyetoka Uvira na kupanga chumba mjini hana wa kumtazama uso jioni. Jamaa zake wampigie simu, tena wasiulize alama tu.

Wengine huficha jambo hili kwa kuogopa sheria. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kilichomwadhibu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Nasi tunamhesabu mtoto huyo kuwa mtu wa kuokolewa. Anayetuita usiku aseme tangu neno la kwanza kwamba mtoto yuko hatarini, ataje nyumba iko karibu na nini, na mtu mmoja abaki chumbani naye mpaka tufike.