Kiwanja cha Watu Wote: Masala ya Mchango na Wakfu

Tumeulizwa katika darasa letu masala ambayo manufaa yake hayamhusu aliyeuliza peke yake. Muulizaji ni kijana wa hapa kwetu pwani afanyaye kazi Nairobi, akaaye upande wa Muthurwa. Asema: majirani wa mitaa ya huko huchangishana fedha ili kukihifadhi kiwanja kidogo kilichosalia baina ya nyumba, watoto wapate pa kuchezea na wazee pa kupunga upepo. Je, fedha hizo huwa ni wakfu? Na kiwanja chenyewe huwa ni wakfu kwa mchango huo?

Jawabu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu, haiwezi kutolewa kwa neno moja, kwa kuwa ardhi si ya namna moja. Kwanza twataka msomaji aijue Muthurwa yenyewe, kwani mwenye kuhukumu jambo kabla ya kulitambua hukosea.

Mtaa huo ni zao la reli. Reli ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na katika zama za ukoloni wenye reli wakawajengea wafanyakazi wao nyumba za safu safu ambazo watu huziita landi. Wengi walioishi humo ni watu waliokwenda bara kutafuta riziki, na wa kwetu walikuwamo. Mwaka 2006 mali hiyo ilitiwa katika mfuko wa malipo ya uzeeni wa wafanyakazi wa reli. Mwaka 2008 likafunguliwa huko soko kubwa la Muthurwa. Kisha mwaka 2010 wakaazi wakatakiwa wahame. Wakashitaki katika Mahakama Kuu, na tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola akahukumu kwamba haki zao zimevunjwa, akaamuru pande mbili zikae pamoja zipatane namna ya kuhama iliyo na ubinadamu.

Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tazameni, ndugu zangu: hukumu ile iliwalinda wakaazi wasitupwe nje kama takataka, haikuwafanya kuwa wenye ardhi. Mafakihi wetu hupambanua baina ya raqaba, yaani ardhi yenyewe, na manfaa, yaani kuitumia. Mpangaji ana manfaa kwa kadiri ya kodi yake. Raqaba ni ya mwingine. Na huyo mwingine katika Muthurwa si dhalimu wa hadithi za watoto. Ni wazee waliotengeneza reli na kuendesha magari moshi, ambao malipo yao ya uzeeni yamefungamana na ardhi hiyo. Anayewahurumia watoto wa Muthurwa, na awahurumie na wazee hao.

Basi wakaazi wa landi, hata wakichanga mara elfu, hawawezi kukiweka wakfu kiwanja kilicho baina ya nyumba zao, kwa kuwa wakfu hausihi ila kwa kitu akimilikicho mwenye kukitoa. Waweza kukifagia, kukipanda miti, kukilinda, na wakapata thawabu. Waweza pia kumwendea mwenye milki wakanunua kipande kwa thamani yake, akiridhia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotaka kujenga msikiti wake Madina, pahali palikuwa pa mayatima wawili wa Bani Najjar. Alitaka atajiwe bei, ijapokuwa wenyeji walitaka kumpa bure. Ikiwa ardhi ya msikiti wa Mtume ilitafutiwa bei, ni nani sisi tuseme kwamba nia njema yatosha badala ya bei?

Namna ya pili ni ardhi ya umma: viwanja vya skuli, bustani za mji, njia na kandokando zake. Hii pia haiwekwi wakfu na majirani, kwa sababu ni ya wote, na hakuna mtu, hata mkubwa serikalini, awezaye kuiuza. Sharia yetu yasema hivyo, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 katika kifungu cha 62 imeitaja ardhi ya umma kuwa ni amana kwa ajili ya watu. Lakini amana hiyo imeliwa sana. Tume iliyoundwa mwaka 2003 chini ya wakili Paul Ndung'u ilitoa taarifa yake mwaka 2004, ikaonyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Mwezi Januari 2015 watoto wa skuli ya msingi ya Lang'ata Road, hapo hapo Nairobi, walirushiwa moshi wa kutoza machozi walipotoka kukidai kiwanja chao cha kuchezea kilichozungushiwa ukuta. Na imepokewa kwa sanadi sahihi onyo la mwenye kudhulumu ardhi hata kiasi cha shibiri, kwamba siku ya Kiyama atavishwa shingoni kutoka ardhi saba. Shibiri moja! Wenzetu wamemeza ekari.

Katika ardhi ya namna hii mchango una kazi nyingine: kumlipa mpima ardhi, kutafuta nakala za ramani, kumlipa wakili, kujenga ua. Kazi hii haina sifa machoni pa watu, maana hakuna jiwe la kuandikwa jina, lakini ndiyo yenye kuzuia dhulma.

Namna ya tatu ni ardhi ambayo mtu aimiliki kwa haki kisha akaitoa. Mfano wake si mbali na Muthurwa. Alibhai Mulla Jeevanjee, tajiri Mwislamu aliyetoka Karachi na kuwaletea wenye reli vibarua na vifaa, alitengeneza bustani katikati ya Nairobi mwaka 1906, yapata ekari tano, akawapa watu wa mji wapumzike. Yeye alifariki mwaka 1936. Mwaka 1991 ukatokea mpango wa kujenga juu yake jengo kubwa. Binti yake na mjukuu wake, Zarina Patel, wakasimama, umma ukasimama pamoja nao, na bustani ikasalimika. Hatujui tajiri mwingine wa zama zake ambaye jina lake latajwa kila siku na wachuuzi, wahubiri na wasio na kazi waliolala chini ya mti. Hata hivyo tuseme kweli: bustani ile iliokolewa kwa kuwa warithi walikuwa hai, walikumbuka, na hawakuogopa. Lau wangekuwa wamekufa au wamenyamaza, mambo yangekuwa mengine. Kwa hiyo twahimiza maandishi.

Waweza kusema: huyo alikuwa tajiri, nasi tu maskini. Basi tazama Dandora, upande huo huo wa mashariki ya Nairobi. Mtaa ule ulipimwa katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja 6,000, na nyumba zikazunguka nyua ndogo za katikati. Nyua hizo hazikuwa na mwenye kuzitazama, zikawa majaa na maficho ya wezi. Katika miaka ya 2010 vijana wa huko, wa kikundi kiitwacho Mustard Seed, walianza kusafisha ua wao, wakapanda maua, wakaweka vitu vya kuchezea watoto, na wakaazi wakawa wakitoa kidogo kila mwezi kwa ajili ya usafi na ulinzi. Mitaa mingine ikawaiga kwa kushindana. Hawa si Waislamu wote, wala hawakusoma Minhaj, lakini wamelifahamu jambo ambalo sisi tunaosoma mlango wa wakfu kila mwaka tumelisahau.

Sasa turudi kwenye fedha zenyewe. Katika madhhabi yetu ya Shafi'i fedha taslimu haziwekwi wakfu, kwa kuwa hazinufaishi ila kwa kutoka mkononi, na wakfu ni kitu kibakicho. Baadhi ya Mahanafi wamejuzisha, nasi hatuwagombi. Kwetu, shilingi iliyochangwa hubaki ni ya mwenyewe mpaka kiwanja kinunuliwe. Mshika fedha ni wakili na amini tu. Natija yake ni nzito. Kiwanja kisipopatikana, kila mtu arudishiwe chake, au aulizwe. Si halali kuzigeuza zikawa za karamu ya Maulidi au za rangi ya msikiti kwa sababu kamati imeona vyema. Tumeona michango mingi ikianza kwa takbiri na kuisha bila daftari. Basi kiandikwe kila kiasi na jina la mtoaji, na hesabu isomwe mbele ya watu.

Zaka isitiwe humo. Ina wenyewe wanane waliotajwa, na kiwanja si mmoja wao. Itiwe sadaka.

Kikisha nunuliwa, watoaji watamke wazi kwamba wamekiweka wakfu, na kwa ajili ya nini. Hisa zisizogawanywa zasihi kuwekwa wakfu. Na jirani asiye Mwislamu yafaa awe katika manufaa yake, bali katika mitaa kama Muthurwa haiwezekani kuwa vingine, maana mpira wa watoto hauulizi dini. Kisha waandikishe kwa mujibu wa sheria. Hapa pwani tulikuwa na sheria ya makamishna wa wakfu ya mwaka 1951, na mwaka 2022 imepitishwa sheria mpya ya wakfu. Wateuliwe wasimamizi zaidi ya mmoja, ili kifo cha mmoja kisiwe kifo cha wakfu.

Muulizaji ameongeza swali la mwisho: kiwanja kilichowekwa wakfu kwa michezo ya watoto, je, yafaa baadaye kujenga msikiti juu yake, kwa kuwa msikiti ni bora? Jawabu: haifai. Sharti la mwenye kuweka wakfu hufuatwa, na ubora wa msikiti hauhalalishi kuondoa haki ya wengine. Wenye kutaka msikiti wachange fedha zao, wanunue pahali pengine.