Kifundo cha zamani na kazi ya ukili
Swali: Daktari, nilivunjika kifundo cha mkono zamani. Siku hizi nikisuka ukili, kinaniuma hadi usiku. Niache?

Jibu: Usiache, mama. Kiungo kisichotumika hukakamaa. Mara nyingi kinachoumiza ni kukaa mkao mmoja na ukindu mkavu, unaokulazimisha kubana vidole. Uloweke mpaka ulainike, na kila nusu saa weka kazi chini, ukunje na kukunjua vidole taratibu. Asubuhi, kuloweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 kunatosha. Dawa ya kuchua inaliwaza, sikatai, ila asikuvute mtu mfupa! Kifundo kikivimba na kuwa cha moto, au vidole vikifa ganzi usiku, nenda hospitali, usingoje.